Benchi la Marafiki wa Lyamkena

Waigizaji watano walikaa, na benchi likalia mara sita. Germana alilisikia kwa masikio yake mwenyewe. Akageuza shingo kutazama upande wake wa kulia, mwisho kabisa wa benchi, ambako hapakuwa na mtu. Ubao pale ulikuwa umelowa, na mvua haikuwa imenyesha.

"Rabson, acha mchezo," alisema.

"Mchezo gani tena, dada? Mimi si niko huku mwisho mwingine!"

Germana hakumwamini hata chembe. Huyu Rabson alikuwa kaja juzijuzi tu kutoka Iwawa, na tangu aje alikuwa anaumezea mate uongozi wa kikundi, ulioshikwa na Germana.

Walikuwa wanaandaa igizo la Marafiki, wale Wakristo wanaoitwa Wakweka, jinsi wa kwanza wao walivyofika Lyamkena. Jukwaa lilikuwa la wazi, kwenye mteremko wenye miti ya miwati. Na ibada ya Marafiki, kama hujawahi kuiona, ni watu kukaa kimya. Kwaya hakuna, mahubiri hakuna. Aliyeguswa husimama akasema lake, kisha kimya tena, mpaka mzee ampe mkono jirani yake na mkono upite kwa kila mtu. Hapo ibada imekwisha. Germana aliona watazamaji watachoka, akaukata ule ukimya ukawa mfupi kama chafya.

Siku hiyohiyo sauti ya Yunis, binti yake wa pekee na mwigizaji mwenzake, ikaanza kukauka. Kila walipofanya mazoezi ya ibada benchi lililia, harufu ya moshi wa kuni mbichi na nguo zilizolowa ikampita Germana puani, na sauti ya mtoto ikapungua. Hospitali walimmulika koo wakasema ni zima. Wiki ya onyesho ilipofika, Yunis alikuwa anaongea kwa vidole tu.

Mama alichanganyikiwa. Chai aliyoletewa na Rabson aliimwaga nyuma ya jukwaa, kisha akaenda kwa Bibi Hosiana, mkongwe wa Marafiki pale mtaani.

"Kamwene, bibi. Kuna mtu ananirogea mtoto."

Hosiana alisikiliza mpaka mwisho, akachungulia mlangoni kwanza, ndipo akauliza kwa kunong'ona, "Yudita mmemweka kwenye igizo lenu?"

Germana akainamisha uso. Kisa hicho alikijua, na alikiondoa yeye mwenyewe. Yudita, mmoja wa wale Marafiki wa kwanza, alisimama katika ibada apate kusema neno, na kabla hajafungua kinywa mzee Aron akampa mkono jirani yake. Ibada ikafungwa. Yudita akatoka, akaingia kwenye ukungu, asionekane tena. Na huyo Aron ndiye babu yake Germana.

"Na nyinyi kila siku mnamfungia upya," alisema Hosiana. "Mwacheni aseme, mwanangu."

Jumapili alasiri mteremko ulijaa watu waliojifunika mablanketi.

"Usitoe mkono mpaka nikuambie," Germana alimwambia Rabson, aliyeigiza mzee wa ibada.

"Dada, watatuzomea!"

"Waache wazomee."

Wakakaa, benchi likalia mara sita, ukimya ukaanza, watu wakacheka kidogo, wakakohoa, wakaacha, ukungu ukateremka kutoka kwenye miwati ukafunika viti vya nyuma, kisha vya katikati, harufu ya moshi na nguo mbichi ikaja nzito mpaka Rabson naye akaziba pua, na Germana akahisi mtu anainuka kuliani kwake, anapita mbele ya magoti yake, anasimama kwa Yunis. Yunis akainuka. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya mwanamke mzima, yenye mikwaruzo.

"Aron, nilibisha hodi usiku wa barafu, mwanangu mikononi. Ulikuwa macho, nilikuona kwenye ufa wa mlango. Hukufungua. Mwanangu alifia mlangoni kwako."

Watazamaji walipiga makofi, wakidhani ni igizo. Yunis alimwangukia mama yake mapajani.

"Mama, nasikia baridi."

Sauti yake mwenyewe, jamani! Germana alilia kwa furaha bila aibu. Akamwashiria Rabson, na Rabson akatoa mkono, ukapita kutoka kwa mtu hadi mtu mpaka kwa Yunis, na kwa Germana, aliyekuwa wa mwisho.

Ndipo mkono mwingine ukamshika kutoka kulia. Ulikuwa mdogo, wa mtoto, umelowa na una baridi ya kuuma mifupa. Hakuthubutu kutazama. Alijiambia ni ukungu tu, akamvuta Yunis wakaenda nyumbani.

Jua lilikuwa halijazama vizuri mlango ulipogongwa. Uligongwa chini kabisa, usawa wa magoti.

Germana alilishika komeo. Mkono wake ukagoma.

"Mama, fungua," alisema Yunis.

Ukagongwa tena.

"Mama, fungua," alirudia, na mara hii sauti ilikuwa imeanza kukauka.