Maji ya Chumvi Nyumbani kwa Zubeiri

"Nani amekwambia utie chumvi ya dukani?"

Zubeiri aligeuka. Mikono ya shati ilikuwa imelowa mpaka kwenye viwiko, na kiganjani ameshika samaki mdogo wa njano, amekufa. Wengine kumi walikuwa wanaelea matumbo juu ndani ya sanduku la vioo, katikati ya sebule. Maji yalikuwa meupe kama yaliyooshewa mchele.

"Bibi Asmahani! Karibu. Sikujua umeingia."

"Nilikuja kununua sabuni. Nikaona watu wamejaa barazani, nikadhani kuna msiba. Kumbe upo kweli."

"Maji ya bahari yalimwagika njiani, karibu nusu. Nikajazia ya kisima, nikatia chumvi. Chumvi si chumvi?"

"Hiyo ni chumvi ya mchuzi. Na hizi kona za sanduku ni chuma?"

"Chuma kizuri kabisa, kimetoka Dar es Salaam."

"Kinaota kutu, na kutu ni sumu kwao. Samaki wote hawa umewatia lini?"

"Jana."

"Kwa siku moja! Basi umewaua mwenyewe, Bwana Zubeiri."

Watu wa barazani wakaangua kicheko. Zubeiri hakucheka. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, ana duka la nguo na vikorokoro alilorithi kwa baba yake pale Ifakara, na hajaoa. Mwaka ule wa 1956 hapakuwa na nyumba hata moja katika bonde zima la Kilombero iliyofuga samaki wa baharini. Bahari yenyewe ilikuwa mwendo wa siku mbili kwa lori, kama barabara haijaharibika.

Asmahani alikuwa mzaliwa wa Bagamoyo. Miaka mitano alifanya kazi Dar es Salaam katika nyumba ya daktari mmoja wa Kihindi aliyekuwa na tangi kubwa la samaki na matumbawe, na yeye ndiye aliyelitunza. Kisha mumewe, Haidari, akamtaliki. Eda ilipokwisha alikuja Ifakara kuishi na shangazi yake, Bi Mwanamvua, msuka mikeka. Sasa alikuwa na miezi minane hapo.

"Hebu niambie ukweli," alisema, akimtazama Zubeiri. "Wewe na samaki wa bahari wapi na wapi?"

Zubeiri akashusha sauti ili watu wa nje wasisikie.

"Shangazi yako aliniambia kwamba huko Dar hukuacha kitu kinachokuuma isipokuwa wale samaki wa daktari. Nikaona... nikaona pengine wakiwepo hapa, utapita kuwatazama."

Asmahani alilegeza ushungi wake, akaufunga nyuma ili usilowe. 

"Lete ndoo. Tuwatoe hawa kwanza, wananuka. Nitakusaidia, lakini kwa ajili ya samaki, si kwa ajili yako. Na hakuna samaki atakayeingia humu mpaka niseme mimi."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Kesho yake alikuja na shangazi yake. Bi Mwanamvua akaketi mlangoni na ukili wake, akisuka na kusikiliza kila neno, kama ilivyompasa. Asmahani akachora sakafuni kwa chaki.

"Sanduku la mbao za mvule, urefu dhiraa nne. Kioo mbele tu, kile kinene. Ndani tupake lami, tuioshe wiki mbili mpaka isitoe harufu. Lisimame hapa, lipate jua la asubuhi. La mchana hapana, maji yatachemka."

Fundi Sebastiani, Mndamba aliyechonga mitumbwi kule Kivukoni, aliitwa. Alitazama mchoro, akakuna kichwa.

"Miaka ishirini, mama, natengeneza vitu vya kuzuia maji yasiingie. Leo mnataka cha kuyazuia yasitoke?"

"Utaweza, fundi?"

"Nitaweza. Ila nikiulizwa nyumbani natengeneza nini, nitasema jeneza. Wataniamini upesi zaidi."

Mwezi wa Desemba ukaishia kwenye sanduku. Januari, Fridolin, dereva wa lori la Zubeiri, alitumwa Bagamoyo kwa baba yake Asmahani, na barua iliyoandikwa kwa mkono wake Asmahani mwenyewe:

"Baba, shikamoo. Maji yachotwe mbali na pwani, kwenye kina, yatiwe kwenye mapipa ya mbao, la chuma lisitumike. Mawe yachukuliwe yale yenye uhai, yafungwe kwa mwani na magunia mabichi, yasipigwe na jua. Dereva ayamwagie maji ya bahari kila akisimama. Usicheke, Baba. Nitakueleza."

Lori lilirudi siku ya tano. Lilikwama saa tano nzima pale Mkula, na Fridolin akaapa kwamba wanakijiji waliomsaidia kulisukuma waliuliza kwa nini amebeba mawe na maji, kana kwamba Ifakara hakuna mawe wala maji. Lakini magunia yalikuwa mabichi bado. Asmahani aliyapanga mawe kwa mikono yake, makubwa chini, yenye matundu juu, akiacha vichochoro vya samaki kujificha.

"Sasa pumzi," alisema. "Maji yakitulia tu, kila kitu kinakufa. Kwa daktari kulikuwa na umeme."

"Hapa tuna nini?"

"Una mpira wa ndani wa gurudumu la lori?"

"Ninao."

"Na pampu ya baiskeli, na kile kimpira chembamba cha hospitali. Tunajaza upepo kwenye mpira mkubwa, unatoka polepole ndani ya maji kupitia kipande cha mti chenye vitundu."

"Na mpira ukiisha upepo?"

"Unapiga pampu tena."

"Kila siku?"

"Kila baada ya saa tatu, Bwana Zubeiri. Ulidhani bahari inajiendesha yenyewe?"

Wiki sita zikapita bila samaki. Wateja walikuja kununua kaniki wakakuta mwenye duka anapiga pampu, jasho linamtiririka, mbele ya sanduku la mawe matupu. Walisema amerogwa. Yeye aliendelea kupiga. Na kila asubuhi Asmahani alikuja na shangazi yake, akainama mbele ya kioo.

"Maji yameshuka vidole viwili," Zubeiri alisema siku moja. "Nimwage ya bahari?"

"Ya mvua. Kilichopaa ni maji matupu, chumvi imebaki humo humo. Ukiongeza ya bahari utaizidisha."

"Ungekuwa mwalimu wewe."

"Nilikuwa namweleza mtu mambo haya nikitoka kazini. Akaniambia mwanamke anayenuka samaki hana la kumfundisha mtu."

Zubeiri akaacha pampu.

"Ni Haidari huyo?"

"Piga pampu, mpira unalegea."

Alipiga. Baada ya muda akasema, bila kugeuka, "Mimi harufu hiyo nimeizoea. Siku usipokuja naikosa."

Kutoka mlangoni Bi Mwanamvua akakohoa. Asmahani akajifanya anakagua kona ya sanduku, lakini shingo yake ilikuwa imepata moto.

Asubuhi moja ya Februari aliinama kama kawaida, akashika mdomo.

"Njoo! Njoo uone!"

Tumbawe lililofika limejikunja kama ngumi lilikuwa limefunguka. Vidole vidogo vya kijani, mamia, vilikuwa vinayumba. Zubeiri alichuchumaa karibu naye. Bi Mwanamvua akaacha ukili wake, akaja naye kuchungulia.

"Sasa," Asmahani alisema, "mwambie Fridolin alete samaki. Tisa tu. Na awalete pole pole."

Samaki wakaja, kila mmoja ndani ya chupa yake kubwa. Wawili walikuwa wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe. Wote tisa wakaishi. Watu walitembea kwa miguu kutoka Michenga kuja kuwaona.

Mwanzoni mwa Machi barua ikafika. Barua za watu wengi zilipitia dukani kwa Zubeiri, na hii ilikuwa ya Asmahani. Nyuma ya bahasha palikuwa na jina la mtumaji: Haidari.

Zubeiri aliitia kwenye mtoto wa meza. Alisema moyoni ataitoa mchana. Mchana ukapita. Siku ya pili Asmahani alikuja, akacheka, akawalisha samaki, na Zubeiri hakusema. Siku ya tatu vivyo hivyo. Siku ya nne akaitoa, haijafunguliwa, akamkabidhi.

"Hii imekaa kwangu siku nne. Nilikuficha."

Asmahani aliisoma amesimama. Ilikuwa fupi: "Asmahani, nilikosea. Nyumba imepoa. Nitakuja kukuchukua kabla ya masika. Haidari."

Akaikunja.

"Kwa nini?"

"Niliogopa utaenda."

"Haidari alikuwa anafungua barua zangu. Wewe unazificha. Nyie wanaume mnadhani mimi nani, mzigo wa dukani?"

"Asmahani, nimekosa. Sina la kujitetea."

"Shangazi, tuondoke."

Hakurudi kesho yake, wala keshokutwa. Zubeiri alibaki na samaki tisa na pampu.

Siku ya sita, kabla jua halijachomoza vizuri, mpira wa lori ulipasuka. Dukani hapakuwa na mwingine, na Fridolin yuko njiani. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza na hewa ilikuwa nzito. Samaki wakapanda juu, wanahema. Zubeiri akachukua bakuli, akachota maji, akayamwaga kutoka juu, akachota tena. Hakufungua duka.

Saa nne Bi Mwanamvua alimwambia Asmahani, "Duka la Zubeiri limefungwa. Wanasema ndani kuna sauti ya maji tu tangu alfajiri."

Asmahani hakungoja kuvaa viatu vizuri. Alimkuta Zubeiri ameinamia sanduku, mkono wa kulia umevimba, anachota kwa wa kushoto.

"Tangu saa ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Na hukuniita! Watu wote hawa wa kutumwa!"

"Ningekuita ningekuwa nawatumia samaki kukuvuta. Nilishakukosea mara moja."

Asmahani alimtazama. Kisha akamnyang'anya bakuli.

"Kaa chini. Shangazi, mpe maji ya kunywa, ataanguka huyu."

Walipokezana mpaka adhuhuri. Ndipo lori la Fridolin likasimama nje, na kutoka kiti cha mbele, kando ya dereva, akashuka mwanamume wa kanzu safi na kofia ya kufuma. Aliingia bila hodi ya pili.

"Asmahani."

"Haidari."

"Nimekuja. Mbona umelowa hivyo? Bado tu unahangaika na samaki?"

"Bado tu."

"Jitayarishe, lori linarudi kesho, barabara itafungwa. Barua yangu uliipata?"

"Niliipata."

"Mbona hukujibu? Nimeituma siku nyingi."

"Ilichelewa," Asmahani alisema. "Barua huchelewa."

"Haikuchelewa," Zubeiri alisema, akainuka. "Niliificha mimi, siku nne. Yeye hakujua. Kama kuna lawama, niambie mimi."

Haidari alimtazama kuanzia miguu mitupu mpaka kichwani, akacheka.

"Umesikia, Asmahani? Kwa ajili ya huyu ndiyo unaniacha mimi?"

"Sijamwacha mtu yeyote. Eda yangu ilikwisha zamani, Haidari. Mimi si mke wako, na sitaki kuwa. Uliniacha kwa sababu nilichelewa kutoka kazini. Siku ile nilichelewa kwa kuwa samaki alikuwa mgonjwa, nikakueleza, hukutaka kujua."

"Ningekuoa upya. Nimekuja safari yote hii!"

"Ahsante kwa kuja. Shangazi atakupa chakula. Fridolin atakurudisha."

"Ndiyo basi?"

"Ndiyo basi."

Haidari aligeukia mlango. Macho yake yakaenda kwenye kioo, kwenye mawe yenye vidole vya kijani na samaki waliokuwa wameanza kushuka chini tena. Akavaa viatu vyake, akatoka. Fridolin aliona mpira uliopasuka, akatoa wa akiba kwenye lori, akaupitisha mlangoni kimya kimya, akaondoka na Haidari.

Zubeiri alianza kuujaza upepo kwa mkono mmoja. Asmahani akashika pampu upande wa pili.

"Kwa nini ulisema? Nilikuwa nimekusitiri."

"Ndiyo maana nilisema. Sikutaka unibebee uongo mbele yake."

"Bado nina hasira na wewe."

"Najua."

"Itaisha."

"Lini?"

"Sijui. Usinihimize." Alipiga pampu mara tatu. "Barabara ikifunguka, tuma mtu kwa baba yangu. Nadhani mpaka hapo itakuwa imeisha."

Bi Mwanamvua akapiga kigelegele kimoja, akajiziba mdomo mwenyewe.

Barabara ilifunguka Juni. Baba yake Asmahani alifika Ifakara kwenye kiti cha mbele cha lori la Fridolin, amekaa wima kama bwana shauri wa serikali, na ndoa ikafungwa nyumbani kwa Bi Mwanamvua baada ya sala ya alasiri. Wanaume walikaa mkekani, wanawake wamejaa chumbani. Sebastiani alikuja kutoka Kivukoni na mkewe Balbina, wakaketi nje kwenye benchi na wageni wengine Wakristo.

Shehe akasogea mlangoni mwa chumba na mashahidi wawili. Msichana anayeolewa mara ya kwanza hunyamaza, kimya chake kikahesabiwa kuwa ridhaa. Asmahani ilimbidi aseme.

"Asmahani, umekubali kuozwa Zubeiri?"

"Nimekubali." Sauti ilifika mpaka kwa Sebastiani.

"Na mahari yako ni nini?"

"Sanduku la bahari lililoko nyumbani kwake, na vyote vilivyomo."

Shehe akamtazama shahidi, shahidi akatazama dari.

"Mahari sharti yajulikane, binti yangu. Humo mna nini?"

"Maji ya chumvi, mawe na matumbawe, kaa wanne waliokuja ndani ya mawe, samaki tisa."

"Tisa," shehe akaandika.

"Ngoja, shehe. Wale wa mikanda wametaga juzi. Mayai ni mengi, hayahesabiki."

Chumbani vigelegele vikapasuka. Baba yake akajifuta machozi ya kucheka kwa ncha ya kilemba.

"Haya, tutaandika tisa na mayai yao," shehe alisema. "Lakini likiwa lako, pampu atapiga nani?"

"Anayenioa," sauti ikajibu.

Shehe akarudi mkekani, akaunganisha mkono wa Zubeiri na wa baba mkwe, na mzee akaanza, "Nimekuoza binti yangu Asmahani kwa mahari ya..."

"Nimekubali," Zubeiri akasema.

"Bado sijamaliza, bwana!"

Ilibidi waanze upya. Na mara ya pili nayo aliwahi kujibu.