Sauti Iliyovuka Kituo cha Kumi na Mbili

Vituo vilikuwa kumi na viwili, wala havijawahi kuzidi hapo. Annelore Tölke alivijua kama mtu anavyovijua vidole vyake mwenyewe, kwa kuwa mwaka wa sita huu alikuwa akikaa katika ofisi ndogo ya wageni, chini ya matao ya jumba la baraza la mji, akiwagawia watu vifaa vya kusikilizia. Mgeni aliacha kitambulisho chake, akavishwa kifaa shingoni, akapewa ramani, kisha akaenda zake kuutazama mji wa Rodenstedt bila kuongozwa na mtu. Kila kituo kilikuwa na bamba la shaba ukutani lenye namba. Ulibonyeza namba hiyo kwenye kifaa, na sauti ikakusimulia habari za mahali pale.

Basi siku moja ya Oktoba, mwanamke aliyetembea peke yake alirudisha kifaa akasema kwamba kilichompendeza zaidi ni kituo cha kumi na tatu.

"Viko kumi na viwili, bibi," Annelore alimsahihisha kwa upole.

"Kumi na vitatu," alisema yule mwanamke, akipokea kitambulisho chake. "Kile cha mtoni. Alinisubiri nimalize kulia, ndipo akaendelea."

Sauti iliyokuwa ndani ya vifaa ni ya Reinhold, mume wa Annelore. Alikuwa mwalimu wa jiografia, na mwaka aliostaafu baraza lilimwomba asome maelezo ya vituo vyote. Alisoma kwa siku mbili, akinywa chai ya tangawizi ili koo lisikauke. Miaka mitatu baadaye alifariki, mwezi wa Februari, na tangu hapo Annelore alikuwa na desturi ambayo hakumwambia mtu. Kila asubuhi kifaa kimoja kilitakiwa kujaribiwa. Yeye alivijaribu vyote ishirini. Mara ishirini nzima, kimoja baada ya kingine, Reinhold alimwambia, "Karibu sana Rodenstedt, tuanze kisimani." Hapo ndipo siku yake iliweza kuanza.

Alipomsimulia mwenzake wa ofisini, Mechthild, maneno ya yule mwanamke, Mechthild alicheka mpaka miwani ikamtoka.

"Mwenzangu, mumeo alipokuwa hai hakuna aliyeweza kumnyamazisha. Ulitegemea mauti yataweza?"

Annelore naye alicheka. Lakini wiki ile wakatokea wageni wengine wawili wakisema jambo lile lile, na wote walikuwa wametembea peke yao. Waliotembea wawili wawili, au na watoto, hawakusikia chochote.

Jumatatu ofisi hufungwa. Siku hiyo alasiri Annelore alijivika kifaa akatoka. Alianza kisimani sokoni, akapita mlango wa kanisa la Mtakatifu Nikolai, akaipita nyumba iliyoinama ambayo watoto wa shule hupenda kujifanya wanaisukuma isianguke, akashuka kwa lango la wafumaji, mpaka kituo cha kumi na mbili, kwenye daraja la watengeneza ngozi. Hapo Reinhold aliwashukuru wageni kwa kutembea naye, akawaomba warudishe kifaa. Kawaida mlio mdogo ungefuata, kisha kimya.

Mlio haukuja. Alisikia maji. Hayakuwa maji ya kijito kilichopita chini yake, maana hayo yalikuwa machache na yalipita polepole. Haya yalikuwa mengi, na yalikuwa ndani ya sikio. Ikaja harufu ya ngozi mbichi iliyolowekwa kwenye chokaa, ilhali mtengenezaji wa mwisho alikifunga kiwanda chake kabla babu yake Annelore hajazaliwa.

"Lore," ilisema sauti. "Mbona umevaa koti jembamba?"

Mtu mwingine angekivua kifaa akakimbia. Annelore alikishika kwa mikono miwili, kama mtu anavyoshika kikombe cha moto wakati wa baridi.

Tangu siku hiyo alikwenda kila jioni, ofisi ikishafungwa. Sauti ilimuuliza kama amekula. Ilimkumbusha safari yao ya ziwani, na jinsi alivyoanguka kwenye mtumbwi. Na kila jioni ilimwomba jambo dogo tu. Jioni ya kwanza ilimwomba asimame karibu na ukingo wa daraja, kwani upande ule upepo ni mdogo. Jioni ya pili ikamwomba ashuke ngazi moja kuelekea majini, ya tatu ngazi nyingine, mpaka akafika ngazi ya chini kabisa yenye kuvu ya kijani, ambapo viatu hulowa. Alinyong'onyea. Mashavu yakabonyea. Mechthild alimuuliza kama ni mgonjwa, akajibu ni hali ya hewa.

Aliyemzindua ni mzee mmoja wa Bremen, Bwana Hinrich Lüers. Alirudi na suruali imelowa mpaka magotini, akakiweka kifaa mezani taratibu, akauliza kwa adabu kubwa ofisi ilipata wapi sauti ya mke wake.

Annelore alimweleza kwamba iliyomo mle ni sauti ya mwanamume.

"Mwanzoni, ndiyo," alisema mzee. "Mwishoni alikuwa Gesine wangu. Tulimzika Aprili. Wala hakuwahi kufika mji huu." Akaangalia viatu vyake. "Aliniambia maji si baridi."

Alipotoka yule mzee, Annelore alimsimulia Mechthild yote, hata zile ngazi. Safari hii Mechthild hakucheka. Alifunga ofisi, akatia vifaa vyote ishirini kwenye sanduku, akamwendesha mwenzake mpaka kijiji cha juu mlimani, kwa Mama Ottilie Brandes.

Watu wa milima ile hawasemi sana habari za mapepo, lakini karibu kila kijiji kina mtu wake anayesomea ugonjwa maneno. Mtu akitokwa na mkanda wa jeshi au chunjua, daktari akishindwa, hupelekwa huko, ingawa kesho yake atakana kwamba alikwenda. Mama Ottilie alikuwa na miaka tisini na mikono iliyonuka vitunguu, maana walimkuta akipika. Aliwapa masharti mlangoni kabla hawajakaa: hapokei malipo, haagwi, na zaidi ya yote hashukuriwi. Aliyeshukuru amekirudisha alichoondolewa.

Akainamia sanduku. Alinong'ona mara tatu, akapuliza mara tatu. Kwenye pulizo la tatu harufu ya ngozi mbichi ilijaa jikoni hata Mechthild akaziba pua, kisha ikatoka kwa mlango uliokuwa wazi, na paka aliyekuwa kizingitini akaruka pembeni kumpisha mtu asiyeonekana.

Wakabeba sanduku lao. Annelore alipofika mlangoni, mwanamke aliyefundishwa tangu utotoni kutotoka nyumba ya mtu kama mnyama, ulimi ukamtangulia.

"Asante sana, mama."

Mechthild alifumba macho.

"Miaka yote hiyo wamekufunza adabu," alisema Mama Ottilie, bila hasira, "na leo adabu imekuponza. Mimi sisomi mara mbili, mwanangu. Siwezi."

Annelore alimuuliza kwa sauti ndogo kuna njia gani nyingine.

"Kitu hicho hakina sauti yake chenyewe, ndiyo maana kinakaa kwenye sauti za watu. Ifute hiyo, kitakosa pa kukaa. Lakini aifute anayeipenda, au atoe yeye amri ifutwe. Mwingine akiifuta kwa hiari yake, haisaidii kitu."

Wakarudi mjini. Sauti ilihifadhiwa kwenye mashine moja ofisini, na vifaa vyote viliivuta kutoka hapo. Kuifuta ilikuwa kazi ya dakika moja, na nakala nyingine haikuwepo popote. Nyumbani Annelore alikuwa na picha za Reinhold, soksi zake na daftari lake la ndege. Sauti alikuwa nayo hiyo tu. Akasema atafuta kesho. Kesho ilipofika akasema Jumatatu. Kwa kujitetea aliandika tangazo akalibandika dirishani: vifaa vinatolewa kwa watu wawili au zaidi.

Alhamisi ya katikati ya Novemba ukungu ulishuka tangu asubuhi. Sokoni mafundi walikuwa wakigongelea mabanda ya soko la Krismasi, nyundo zikisikika, watu hawaonekani. Saa tisa aliingia msichana wa Leipzig, muuguzi, kitambulisho kikisema Friederike Maahs. Aliomba kifaa kimoja. Annelore alimwonyesha tangazo.

"Tulipanga kuja wawili," alisema msichana. "Mimi na mama. Alikuwa ameshaichora njia kwenye ramani."

Annelore angeweza kusema vifaa vimeharibika. Alilifikiria hilo. Lakini kusema hivyo kungemlazimu kujiuliza kwa nini bado vinafanya kazi, naye hakutaka kujiuliza. Akamvisha msichana kifaa shingoni kwa mkono wake mwenyewe.

Saa kumi na moja jioni kitambulisho cha Friederike kilikuwa bado kwenye droo. Annelore alikitazama kile kiuso kisichotabasamu, akavaa kifaa, akamwambia Mechthild asitoke ofisini na akae karibu na simu.

Hakubonyeza namba yoyote, lakini sauti ilianza alipopita tu kanisa, ikimwambia polepole, Lore, una haraka ya nini, na kadiri alivyoongeza mwendo ndivyo ilivyozidi kumsemesha, ikimtajia ziwa na mtumbwi na chai ya tangawizi, huku ukungu ukinuka ngozi na chokaa na kuta za nyumba zikitoka jasho kama mtu mwenye homa, na nyuma yake, kwenye mawe ya barabara alipokwisha kupita, zikasikika hatua za miguu iliyolowa ambazo zilisimama kila aliposimama, mpaka akafika darajani, akainama kwenye ukingo, akamwona Friederike ndani ya kijito ambacho hakijawahi kumvuka mtu magoti, naye maji yamemfika kifuani, uso umetulia, midomo ikijibu maneno ya mtu asiyeonekana, neno kwa neno, "Ndiyo, mama. Ndiyo. Nakuja."

Annelore alimwita. Hakugeuka. Alishuka ngazi, akamshika kola ya koti, akavuta, na msichana mwembamba yule alikuwa mzito kama jiwe la kinu. Maji yakapanda ngazi moja zaidi. Kwa mkono mmoja akapiga simu.

"Mechthild. Futa."

"Nifute nini?"

"Yote. Ile ya kwenye mashine."

"Annelore, haitarudi tena."

"Najua."

"Lore," sauti ilisema sikioni, nayo haikutisha, na hilo ndilo lililokuwa baya. Ilikuwa Reinhold asubuhi, kabla hajanyoa. "Lore, ukinifuta nitakwenda wapi?"

Vidole vyake kwenye kola vilikuwa vimekufa ganzi.

"Nimekuamuru, Mechthild. Ni mimi ninayekuamuru. Futa sasa hivi."

Reinhold alivuta pumzi kama mtu anayetaka kusema neno, na neno halikuja. Maji yakashuka mpaka magotini, yakiacha mstari mweusi ukutani. Friederike akapiga kelele kwa baridi, akamkumbatia bibi asiyemjua, wakakaa kwenye ngazi wakitetemeka, mmoja akimlilia mama, na mwingine hakuweza kulia kabisa.

Saa moja usiku msichana alipanda treni, amevaa soksi za Mechthild. Annelore alirudi nyumbani. Alitia supu ya viazi motoni, akakaa mezani kuisubiri, na kwa mara ya kwanza akajaribu kukumbuka mwenyewe, bila kifaa, jinsi Reinhold alivyokuwa akilitamka jina lake. Alitaka kuona kama amebakiwa na kitu.

Likaja bila taabu. Lore. Lilikuwa wazi, karibu, kama limesemwa chumba cha pili. Alifurahi sana, akafumba macho ili alisikie tena.

"Lore," ilisema kumbukumbu, kisha ikaendelea na maneno ambayo Reinhold hakuwahi kuyasema maishani mwake. "Kumbe hapa ndani kuna nafasi kubwa hivi. Na kuna joto."

Supu ilichemka. Harufu iliyopanda kutoka kwenye sufuria haikuwa ya viazi.

Annelore aliinuka, akazima moto, akawasha taa za vyumba vyote, akarudi kukaa, mikono mapajani kama mtoto aliyeambiwa anyamaze darasani. Sauti ilimwita tena, kwa upole, ikamuuliza kama amekula. Hii haikuwa kwenye mashine, wala hakukuwa na mtu wa kumwamuru aifute.

Jioni ile, hakuitika.