Rangi Aliyoichagua Dada

Mtaa mzima ulimwita Mswaki, kwa sababu hakuna siku fundi huyu alionekana bila mswaki nyuma ya sikio. Haukuwa wa meno yake, la hasha. Ulikuwa wa kusugulia vipenyo vya rimu za magari, kule ndani ambako vumbi la breki hujificha na kitambaa hakifiki. Alipokea rimu zilizochubuka na kufubaa, akazirudisha kama zimetoka dukani juzi. Kazi hiyo aliifanya na dada yake mkubwa, ambaye ndiye aliyemlea baada ya wazazi kufariki, akamsomesha, akamwozesha, na mke alipomkimbia akampokea tena bila kumsimanga. Yaani, alimsimanga, lakini kwa vichekesho.

Dada ndiye aliyekaa mbele ya karakana kuzungumza na wateja. Ukutani nyuma yake zilining'inia rimu za sampuli: ya fedha, nyeusi ya kung'aa, nyeusi isiyong'aa, shaba iliyokolea, na moja isiyo na rangi kabisa, iliyosuguliwa mpaka ikawa kioo. Mteja alitakiwa aende mwenyewe aweke kidole kwenye ile anayoitaka. Marehemu fundi aliyewafundisha kazi aliwakataza katakata kumchagulia mtu rangi. Wao waliamini ni kuepusha ugomvi tu, maana mteja aliyechaguliwa rangi hakosi kurudi na mdomo.

Basi siku hiyo, siku ya kawaida kabisa, alikuja mzee mmoja msafi, koti lake limepigwa pasi, anasukuma mkokoteni wenye rimu nne.

"Gari lenyewe liko wapi, mzee wangu?" Mswaki akauliza, kwani alipenda rangi ya rimu ipatane na bodi.

"Linangoja," mzee akasema.

Mswaki akamweleza kama alivyowaeleza wote. Hii ya kioo inapendeza, lakini ni kama kuoa mrembo, usipoiangalia kila siku maji na matope yatakunyang'anya. Nyeusi isiyong'aa inaficha vumbi la breki, ila ikikwaruzwa haisitiriki. Ngumu kuliko zote ni rangi ya unga, ile inayopulizwa kisha ikaokwa kwenye tanuri, kwani ikishaiva, imeiva. Mzee alisikiliza kwa adabu. Hakuweka kidole popote.

Asubuhi ikaisha, mzee bado amesimama mbele ya ukuta. Mawingu yalikuwa yamejikusanya na dada alikuwa ameacha nguo kwenye kamba nyumbani.

"Baba, chagua basi. Mvua hiyo inakuja," dada akasema.

"Mimi huwa sichagui, mwanangu. Nichagulie wewe."

Mswaki akamtikisia dada yake kichwa.

"Au niulize hivi," mzee akaendelea, sauti ikishuka. "Kama gari hili lingekuja kukuchukua wewe, ungependa lije na rimu za rangi gani?"

Dada alikuwa mtu wa utani, na utani ukimfika ulimini haukungoja ruhusa. "Mimi? Za shaba! Nikichukuliwa, nichukuliwe kama bibi harusi, siyo kama gunia la mkaa."

Akacheka, akaenda akaweka kidole kwenye rimu ya shaba. Mzee akainamisha kichwa, akashukuru, akashukuru tena, akaondoka na mkokoteni wake mtupu.

"Umemchagulia," Mswaki akasema.

"Nimejichagulia mimi. Si kaniuliza mimi ningetaka nini?" dada akajibu huku akitafuta viatu vyake. "Wewe nawe, uzee umeanza mapema."

Kesho yake Mswaki alizipaka rimu dawa ya kubandua rangi. Chini ya fedha kulikuwa na nyeusi. Chini ya nyeusi, nyekundu. Kisha kijani, kisha nyeupe. Hilo halikumshangaza, rimu za zamani hupakwa na kupakwa tena. Lililomshangaza ni kwamba kila tabaka lilikuwa jipya. Rimu iliyotembea barabarani hujulikana tu. Vijiwe huidonoa, breki huiunguza, nati huichubua pale zinapobana. Hapa kokoto hazikuwa zimegusa kitu. Na nati zilionekana kubanwa mara moja juu ya kila rangi, kisha zikafunguliwa. Kila rangi ilikuwa imekwenda safari moja tu, halafu ikafunikwa na nyingine.

Aliendelea kubandua mpaka mikono ikamuuma. Chuma hakukiona.

"Dada, tumrudishie mzee rimu zake," akasema.

"Kwa sababu zina rangi nyingi? Na mimi nina magauni mengi, utanirudisha kwa nani?"

Mswaki alicheka juujuu. Moyoni aliogopa, akaamua kufanya ujanja. Badala ya shaba alimimina unga mweusi, akazipuliza rimu zote nne mpaka zikawa nyeusi tii, akazifungia kwenye tanuri. Tanuri halifunguliwi kabla rangi haijaiva, kwa hiyo akakaa mbele yake kama mgonjwa anayengoja majibu ya vipimo. Alipofungua, zilikuwa za shaba.

Akaosha bunduki ya rangi, akapuliza fedha, akaoka. Shaba. Akazipaka nyeupe kwa brashi, kwa mkono wake mwenyewe, bila tanuri. Aligeuka kuchukua kitambaa. Alipogeuka tena, shaba.

Akanyakua nyundo.

"Mswaki." Dada alikuwa amesimama mlangoni, amejishika ubavu, na safari hii hakuwa na utani. "Usizipige. Tangu ulipoanza kuzikwangua, mimi naumia. Nisaidie, usizipige."

Nyundo ikamponyoka mkononi.

Mzee alirudi na mkokoteni wake. Hakuzitazama rimu hata kidogo. Alimtazama dada, toka juu mpaka chini, akasema, "Rangi imekubali." Kisha akapakia na kuondoka. Mswaki alimkimbilia mpaka barabarani akapiga magoti kwenye matope, watu wakimwangalia.

"Mzee wangu, nakuomba. Mimi nachagua nyeusi. Nachagua yoyote. Lije kwangu."

"Ungesema siku ile, mwanangu. Rangi imeshaiva."

"Basi nipeleke kwa mwenye gari nikamwombe mwenyewe!"

Mzee akafuta macho kwa mkono wa koti. "Hata mimi simjui," akanong'ona. "Mimi nasukuma mkokoteni tu."

Akaenda zake, na Mswaki akabaki amepiga magoti, hana wa kumlaumu na hana wa kumwomba.

Siku chache zikapita. Kisha asubuhi moja dada aliamka, akaoga, akavaa gauni lake zuri, akakaa kitandani. Hakwenda karakana. Shangazi yao, aliyekuwa amekuja kuwasaidia, alimuuliza anakwenda wapi. Dada akasema hajui.

Mswaki alifunga kila mlango na kila dirisha. Mchana wa jua kali nyumba ikawa na giza kama stoo. Akaketi kando ya dada yake, akamshika mkono wa kushoto, pale kwenye kifundo, kama alivyokuwa akishikwa yeye utotoni wakivuka barabara.

"Unasikia?" dada akanong'ona.

"Sisikii kitu."

Alidanganya. Naye alikuwa anasikia.

"Limekata kona. Limeingia uani."

Ua wao haukuwa na nafasi ya hata baiskeli mbili. Lakini changarawe zilisagika. Kitu kizito kilisogea mpaka nyuma ya ukuta. Injini ikazimwa. Mlango wa gari ukafunguliwa, taratibu.

"Nishike, mdogo wangu."

"Nimekushika."

"Usiniachie."

"Sikuachii, dada. Hata wakate mkono wangu."

Shangazi alikuwa jikoni, vyombo vikigongana, hana habari. Mlango wa gari ukafungwa. Injini ikawaka. Changarawe zikasagika tena, zikielekea barabarani. Sauti ikapungua. Ikapungua. Ikaisha.

Mswaki alishusha pumzi aliyoibana tangu asubuhi. Machozi na kicheko vilimtoka kwa pamoja. "Limekwenda! Dada, limekwenda, na wewe uko hapa!"

Dada alikuwa ameketi vilevile, macho wazi, mkono wa kulia umelala juu ya paja. Hakuwa anapumua. Shangazi ndiye aliyekuja kumbandua Mswaki vidole, kimoja kimoja, kutoka kwenye mkono wa maiti.

Wanawake walipomaliza kuuosha mwili, shangazi alimwita Mswaki pembeni.

"Niambie ukweli. Nani alimpiga huyu mtoto?"

"Hakuna, shangazi. Ulikuwepo."

"Mbona mkono wa kulia umepasuka? Vifundo vya vidole vyote vimechanika, kama vya mtu aliyegonga mlango kutwa nzima. Na wa kushoto una alama za vidole."

"Hizo za kushoto ni zangu," Mswaki akasema. "Nilikuwa nimemshika."

Lakini mkono wa kulia alikuwa ameuona muda wote, umelala juu ya paja, haukusogea.

Watu walikuja kukaa msibani. Miongoni mwao alikuwa fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, ambaye alisikia kuna kilio akavuka bila kuuliza ni cha nani. Akaketi kwenye mkeka kando ya Mswaki.

"Pole sana, ndugu yangu. Ni nani?"

"Dada."

Fundi viatu akakunja uso. "Dada yupi? Dada yako si amepita leo mchana ndani ya gari?"

Mswaki akainua kichwa, akamtazama.

"Gari zuri kabisa, rimu za shaba," fundi viatu akaendelea, sauti ikizidi kuwa ndogo. "Alikuwa kiti cha nyuma. Nikampungia mkono nikidhani anasafiri. Lakini alikuwa anagonga kioo kwa ngumi. Anagonga, anagonga, mdomo unaita Mswaki, Mswaki. Likasimama pale kwenye kona kupisha watu, likakaa kitambo. Nikasema sasa atashuka. Kitasa kilikuwa pale pale, karibu na mkono wake wa kushoto."

"Mbona hakushuka?"

"Angeshukaje? Kuna mtu alimng'ang'ania mkono huo. Sura sikuiona, niliona vidole tu, vimemkaba hapa kwenye kifundo. Dada anauvuta mkono wake, anauvuta, mtu yule haachii. Angemwachia kidogo tu, ndugu yangu, angefungua."

Mswaki aliuingiza mkono wake mfukoni. Ulikuwa umejifumba tena, vidole vimekaza kama vimeshika kitu. Alijaribu kuufungua ukakataa, na mpaka leo haujafunguka.