Mate ya Mama Pacha

"Dada, usitie mdomoni!"

Mwanamke aligeuka kwa hasira. Mtu asiyemjua alikuwa amemshika mkono katikati ya soko la mitumba, watu wakipigana vikumbo kila upande. Mwanamke alivaa gauni la njano na viatu vya kamba, na tarumbeta kuukuu alilotaka kulijaribu lilikuwa limebaki kidogo limguse midomo.

"Wewe nani unanishika mkono?"

"Utanishukuru baadaye. Hebu angalia."

Mwanamume yule, shati jeupe limenyooka kama limetoka kwenye pasi sasa hivi, alilichukua tarumbeta kwa ncha za vidole. Akang'oa kidomo cha kupulizia, akaliinamisha. Ute wa kijani ulichuruzika juu ya turubai la muuzaji, na nyuma yake nusu ya mende. Mteja wa jirani aliziba pua.

"Hayo ni mafuta ya kulainishia," alisema muuzaji bila haya.

"Basi lamba."

Mwanamke alijishika tumbo, asijue kama anacheka au anataka kutapika.

Mwanamume alikuwa mpiga tarumbeta katika bendi ya harusi na mazishi. Wenzake walimwita Bwana Safi, maana hakukalia kiti kabla ya kukipangusa. Mwanamke aliitwa Mama Pacha. Alikuwa na mapacha wa miaka tisa, binti na mvulana, na aliwafundisha mwenyewe nyumbani tangu siku alipoingia kwenye vyoo vya shule yao.

"Hesabu naziweza, kusoma nakuweza," alimwambia. "Muziki ndio umenishinda. Binti yangu kutwa anapuliza faneli la jikoni. Majirani wanadhani tunachinja ng'ombe."

"Watoto wana makamasi, dada."

"Wangu wanayo ya kutosha. Utakuja lini?"

Alikuja na tarumbeta lile, ambalo Mama Pacha alilinunua hatimaye, akiwa amelichemshia maji, amelisugua kwa brashi na kulianika juani. Darasa lilikuwa meza ya kulia chakula, na ubao ulikuwa mlango wa kabati uliopakwa rangi nyeusi. Kila mtoto alipewa kidomo chake, na kidomo cha mmoja kilikuwa mwiko kwa mwingine.

"Kaza midomo, itetemeshe, kama pikipiki inayokataa kuwaka."

Mvulana alitetemesha. Mate yaliyochanganyika na biskuti yalimpiga mwalimu usoni.

"Ametema!" binti akapiga kelele kwa furaha.

Bwana Safi alikwenda kunawa. Alirudi, akapigwa tena, akaenda tena. Maji yaliyodondoka kutoka kwenye kitundu cha chini cha tarumbeta yalifanya kidimbwi kwenye zulia, na mvulana alikikanyaga kwa soksi. Lakini siku hiyohiyo binti alitoa sauti moja, ndefu, nyoofu, kiasi cha mama yake kutoka jikoni na kisu mkononi. Na mvulana, aliyekuwa akilia kila akiona sehemu za namba, alielewa nusu na robo kwa kuhesabu mapigo kwa mguu. Mama Pacha alimtazama mwalimu kwa jicho ambalo si la mzazi kwa mwalimu.

Simu zikaanza.

"Unafanya nini, msafi wangu?"

"Nanawa mikono."

"Si ulinawa tukiwa tunaongea asubuhi?"

"Nimeshika pesa, mpenzi. Unajua pesa inapita kwapa za nani?"

"Ukija nitakusugua kwa jivu, mchafu mkubwa we!"

Walipendana hivyo, kwa maneno tu. Mabusu yalibaki kwenye simu. Mama Pacha alidhani ni heshima.

Alasiri moja watoto walikuwa uani. Mama Pacha, midomo imekolea rangi nyekundu, alifungua mkoba wa Bwana Safi, akachukua kidomo chake cha fedha, akakitia kwenye tarumbeta na kupuliza. Sauti ilitoka kama ya mbuzi. Akacheka, akamrudishia kidomo kikiwa na rangi na mate.

"Mwalimu, nimefaulu?"

Uso wa mwanamume ulikunjamana kama mtu aliyekabidhiwa panya mfu. Alikipokea kwa leso, akaenda jikoni mbio. Mama Pacha alimfuata. Akamkuta anakimwagia maji ya moto, anakipaka spiriti, anakimwagia tena. Pembeni, kwenye sinki, chai aliyomwandalia ilikuwa inaishia kwenye tundu, haijanywewa hata kidogo.

"Kumbe kila siku unaimwaga?"

"Si wewe, mpenzi. Ni vikombe."

"Vikombe vya nani? Mimi ni jaa la takataka?"

"Nisikilize..."

"Mwanamume anayeona kinyaa mate yangu atanibusu na nini? Na glavu? Unanitia kinyaa kuliko yule mende. Toka!"

Bwana Safi alimpigia simu kesho yake. Alimweleza kwamba ujanani aliazima tarumbeta la mtu, mdomo mzima ukatoka vidonda, hata uji ulimshinda, na wenzake wakamwita Donda.

"Sikukinai wewe. Nakinai mate ya dunia nzima."

"Na mimi nimo humohumo duniani," alisema Mama Pacha, akakata simu.

Wiki zikapita. Kwenye harusi Bwana Safi aliwapigia maharusi waliolishana keki kwa kijiko kimoja. Aliwatazama kwa karaha, halafu kwa wivu, halafu akajichukia mwenyewe.

Ndipo binti alipompigia kwa simu ya mama yake.

"Mwalimu, njoo. Sasa mama ndiye anatufundisha. Anapiga vibaya sana, na mimi nitaacha."

Alimkuta Mama Pacha mlangoni pa sebule, kavaa gauni la nyumbani, midomo imevimba. Alipuliza, mbuzi yule akalia tena.

"Unajaza mashavu," alisema Bwana Safi.

"Onyesha, basi."

Alimnyooshea tarumbeta. Lilikuwa la moto na limelowa. Kwenye kidomo palikuwa na chembe ya biskuti. Mkono wa Bwana Safi uliingia mfukoni kwenye leso. Ukakaa humo. Ukatoka mtupu.

Akapuliza.

Sauti ilijaa chumba hadi vioo vya kabati vikalia. Alipomaliza alikuwa ametoka jasho, rangi imempotea.

"Lina ladha gani?" aliuliza mvulana.

"Biskuti iliyolala. Na mama yenu."

"Umesikia kichefuchefu?" aliuliza Mama Pacha.

"Ndiyo."

"Sana?"

"Bado ninacho. Lakini nataka kukuoa."

Kama mwanamume angeapa kwamba hakusikia kitu, Mama Pacha angemfukuza palepale.

"Na hawa?"

"Na hawa. Ila huyu bwana ajifunze kupenga." Mvulana alikuwa anafuta pua kwa pazia. Bwana Safi alifumba macho, akayafumbua, pazia lilikuwa linang'aa. "Mungu wangu."

"Utalizoea," alisema Mama Pacha, akielekea jikoni. "Nakuwekea chai?"

"Weka," alisema Bwana Safi, akimeza mate. "Kikombe kimoja. Tutapokezana."