Rasta wa Segese na Posa ya Krismasi

"Rasta haingii kwenye boma langu, hata siku ya Krismasi," alisema mzee Stanslaus, akaweka kikombe cha chai chini.

"Baba, Masalu hana kosa lolote alilokufanyia," Evelina alijibu.

"Mimi ni katekista. Watu wa Ushirombo watasema binti yangu kachukuliwa na mvuta bangi."

"Hajawahi kuvuta hata sigara."

"Wote husema hivyo. Krismasi tukitoka misa, vaa vizuri. Cornel analeta washenga wake."

Evelina alikuwa na miaka ishirini na saba, fundi cherehani, na kwaya nzima ya parokia ilimtegemea kwa sauti ya kwanza. Masalu alichomelea mageti kule Segese, na jioni alipiga gitaa la besi kwenye bendi ndogo ya reggae. Walijuana alipomletea mashati ya bendi ayashone. Cornel, mnunuzi wa dhahabu, alikuwa amemwona Evelina mara mbili tu, na mara zote mbili alizungumza na baba, si na yeye.

Asubuhi ya tarehe ishirini na nne, ujumbe wa Masalu uliingia kwenye simu ya Evelina:

"Mpenzi nipo kwa kinyozi. Nazitoa leo. Nataka baba yako anione mtu."

Evelina aliacha cherehani, akapiga.

"Umeshakaa kwenye kiti?"

"Nimekaa. Mkasi anao mkononi."

"Wewe mwenyewe unataka kuzikata?"

Masalu alizishika rasta zake. Nywele zile alianza kuzifuga mwaka aliomzika mama yake, mama aliyemfundisha kupiga ngoma za Kisukuma kabla hajajua gitaa ni nini.

"Sitaki," alisema. "Lakini nakutaka wewe."

"Basi inuka hapo. Ukizikata kwa kumwogopa baba, mwakani atakuambia uache gitaa, na wewe utaacha. Halafu mimi nitakuwa nimeolewa na nani?"

"Na kesho je?"

"Kesho mnapiga uwanja wa soko hapa Ushirombo saa kumi. Njoo upige. Ya nyumbani niachie mimi."

Krismasi ilifika. Baada ya misa, Cornel na washenga wake walijaa sebuleni kwa katekista, suti zimenyooka, pilau imeshaliwa. Mzee Stanslaus akamwita binti yake mbele yao, kama desturi inavyotaka: binti akisema anawafahamu, posa imekubaliwa.

"Evelina mayu, mama yangu, wageni hawa wanasema wewe unawafahamu. Ni kweli?"

Evelina alipiga goti, akawaamkia wote. Kisha akasimama.

"Siwafahamu, baba."

Mshenga mmoja alikohoa.

"Fikiri vizuri," alisema baba, sauti imeshuka.

"Nimefikiri mwaka mzima. Kaka Cornel, sikuchukii, ila sijakuita. Ninayemfahamu yupo uwanja wa soko, rasta zimefika mgongoni, na huyo ndiye nitakayeolewa naye."

"Ukivuka lango hilo usirudi."

"Nimesikia, baba."

Alikuwa ameshafika mlangoni aliposikia kiti kikisogea. Mama yake, Mektilda, alikuwa anajitanda kanga.

"Nisubiri, mwanangu. Hata mimi hawa siwafahamu. Hakuna aliyeniuliza."

Wakatoka wote wawili.

Uwanjani watu walikuwa wengi. Masalu alimwona Evelina, akasogea kwenye maiki.

"Wapo wanaosema huu ni muziki wa wahuni," alisema. "Ulizaliwa Jamaika, kwa wajukuu wa watu waliokamatwa huku Afrika wakafanywa watumwa. Walinyang'anywa hata majina yao, lakini ngoma ilibaki. Kwa hiyo leo tunaipokea nyumbani."

Ngoma ya Kisukuma ikaanza, besi ikaingia chini yake taratibu. Akaimba wimbo alioutunga mwenyewe, wa mtoto aliyezaliwa zizini kwa sababu kila mwenye nyumba aliwakatalia wazazi wake mlangoni.

Mzee Stanslaus alifika katikati ya wimbo, amekuja kumrudisha mkewe. Alifika amefura. Lakini alisimama pale pale, akasikiliza mpaka mwisho. Ndipo akasogea jukwaani.

"Wewe ndiye Masalu?"

"Ndiyo, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Umebatizwa?"

"Nimebatizwa, naitwa Meshack."

"Unavuta?"

"Sivuti."

"Na nywele hizo, utazikata?"

Masalu alimtazama Evelina, akamrudia mzee.

"Hapana, baba. Jana ningekubali. Leo sikubali."

Mzee alizitazama zile rasta.

"Ungesema ndiyo, ningejua unanidanganya," alisema. "Asubuhi nimesimama kanisani nikisikiliza Injili ya waliokosa nafasi nyumba ya wageni, halafu nikaenda nyumbani kumfukuza mwanangu. Lete mshenga mwezi wa kwanza. Lakini nywele hizo sijazipenda, na sitazipenda."

"Hatukuombi uzipende," Evelina alisema, machozi yanamtoka na sauti haitetemeki. "Tunaomba umpokee mwenye nazo."

"Si nimesema alete mshenga?"

Ndoa ilifungwa Jumamosi ya pili baada ya Pasaka. Kwenye sherehe, bendi ikiwa imepamba moto, mzee Ngassa, mmoja wa washenga wa Cornel, alimwinamia katekista sikioni.

"Stanslaus, kweli umemwozesha binti kwa rasta?"

"Nimemwozesha kwa anayempenda," alijibu mzee Stanslaus bila kugeuza shingo. "Kama umeshiba, mpishe mwenzako kiti."