Hodi ya Chumba cha Miali

Saa nne asubuhi, chumba cha mashine kilinuka nywele zilizoungua. Mle ndani hamna cha kuungua. Kuna mashine ya eksirei tu, inayopiga miali kwenye tone la protini ili kompyuta ionyeshe umbo lake, na watafiti wa vyuo vingi huja Isiolo kuitumia kwa zamu. Zamu hii ilikuwa ya Barwaqo, binti wa Kiwanjani, mtaa wa hapo mjini.

Alikuwa na kichupa kimoja, tayari kimewekwa kwenye mashine. Ndani yake mlikuwa na protini ya damu ya ngamia, inayokamata sumu ya nyoka na kuivunja nguvu. Mdogo wake alifia Kinna kwa kuumwa na kifutu, ndiyo maana akasoma haya yote. Ngamia mwenyewe aliuawa na ukame. Kichupa kikiharibika, basi tena.

"Daktari, mbona hukupiga hodi?" alimuuliza mkuu wa kituo, aliyekuwa tayari kuwasha.

Zamani fundi Huqa hakuwasha mashine kabla ya kuingia, kuchungulia kila pembe na kuita, "Hodi! Kuna mtu? Tokeni, tunawasha!" Ndipo alipobonyeza kitufe cha ndani kuthibitisha kwamba hakuna mtu. Lakini Daktari Ekitela, mkuu wa kituo, alisema hodi zinakula muda. Alimfukuza Huqa, akakifunga kile kitufe kwa waya, mashine ikawa inaambiwa hakuna mtu kutwa kucha. Mtu amesoma mpaka macho yakamtoka, halafu anaidanganya eksirei kwa kipande cha waya! Akili ni nywele, kweli.

"Nimpigie nani hodi?" Ekitela alicheka. "Kuta?"

Akawasha, taa nyekundu ya miali ikawaka. Nyuma ya mlango mzito, mtoto akalia.

"Zima! Kuna mtoto humo!"

"Ni feni hiyo. Zamu yako inaisha, Barwaqo."

Kwenye skrini, mahali pa duara zinazochorwa na miali, kikatokea kiganja kidogo, kikifumba na kufumbua, na ile harufu ya nywele ikapenya chini ya mlango ikawajaa puani na kooni, na kilio kikapanda, na chini ya kilio mwanamke akaanza kuguna polepole kama mtu anayebembeleza mgonjwa.

Akamkumbuka ayeeyo, nyanya yake wa mtaa wa Wabera. Uani kwake hakuna aliyemwaga maji moto bila kusema bismillahi, ili wasioonekana wawaondoe watoto wao kwanza. Ya Rabi! Hodi ya Huqa ndiyo iliyokuwa ikiwaondoa.

Alizima mashine mwenyewe, akafungua mlango, akasimama kizingitini.

"Salaam aleikum, mama. Hodi. Tumekukosea."

Sauti kavu ikanong'ona kutoka pembeni mwa chumba, "Nani alisema hakuna mtu?"

"Huyu!" Ekitela akamnyooshea Barwaqo kidole. "Zamu ni yake!"

Mzee mzima, hana haya! Hasira zikampanda Barwaqo, hata woga ukamtoka.

"Muongo wewe! Waya ni wako, mkono ni wako! Mama, mimi nina kichupa changu tu humo. Naomba unirudishie."

Kisha kichupa kikabingirika sakafuni mpaka miguuni pake, kizima. Alikiokota, akakikumbatia, akarudi nyuma.

"Upuzi mtupu," Ekitela akafoka, jasho likimtiririka. "Naingia nikuonyeshe hakuna mtu."

"Daktari, usiingie! Waya bado umefungwa!"

Aliingia. Mlango ukajifunga, mashine ikaanza kunguruma yenyewe. Barwaqo aliuvuta kwa mkono mmoja, haukusogea. Alibonyeza kizimio, mashine ikaendelea kunguruma.

"Hodi!" Ekitela aligonga kutoka ndani. "Hodi, jamani! Kuna mtu humu! Nipo mimi!"

Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Kwenye kipaza sauti cha chumba kile mtoto alikuwa bado ana kwikwi. Mama yake alimnyamazisha kwanza, kisha akasema taratibu:

"Hakuna mtu."

Taa nyekundu ikawaka.