Ngoma ya Wazee wa Mtinko

Kigoda kilikuwa pale pale. Ngoma iliyokaa juu yake ndiyo haikuwepo.

Inspekta Laurian Gunda wa polisi Singida mjini aliinama akaikagua kufuli ya mlango wa makumbusho. Haikuvunjwa wala kukwaruzwa. Nondo za madirisha zote zilikuwa nzima.

"Funguo wanazo nani?" aliuliza.

"Watu watatu," alijibu Benson, mkuu wa makumbusho, akijifuta jasho katika asubuhi ya Julai yenye upepo wa kukata masikio. "Mimi, mratibu wangu Theodora, na mlinzi Gasto."

"Mlinzi yuko wapi?"

"Tumemkuta amelala. Ananuka pombe."

Basi nani angetafuta mwizi mwingine? Mzee Gasto aliletwa akiyumba, koti kuukuu likimpwaya. Laurian alimwamkia shikamoo, kisha akamfunga pingu. Adabu ni adabu, kazi ni kazi.

Theodora alikuwa amesimama mlangoni, vidole vimejaa chaki. Ndiye aliyeratibu masomo ya watu wazima pale: asubuhi kusoma na kuandika, alasiri wazee wa vijijini kufundisha ususi, uhunzi na ngoma. Hiyo iliyoibwa aliiazima yeye mwenyewe kutoka kijiji cha Mtinko. Ilikuwa ngoma ndogo, ya kubebwa kwapani, na ukoo wenye nayo huipiga siku moja tu, mzee wao anapozikwa.

"Mwalimu, unamshuku nani?"

"Simshuku mtu, afande."

"Hata Gasto?"

Alitazama chini. "Simshuku mtu."

Alama za vidole kwenye kigoda zilikuwa za kila aliyewahi kukifuta vumbi. Polisi wakaenda Mtinko, wakapekua nyumba na maghala ya wazee wa watu, wakarudi mikono mitupu. Akabaki Gasto.

"Umemuuzia nani?"

"Sijauza, baba."

"Ufunguo ulimpa nani?"

"Hakuna."

"Sasa ngoma imeota mabawa?"

"Nililewa, hilo nakubali. Kwani kulewa ndiko kuiba?"

Sakafu ya mahabusu ni saruji tupu, na Julai ya Singida haina huruma na kifua cha mzee. Kabla wiki haijaisha Gasto alikuwa anakohoa damu. Mkewe, Dorika, alileta uji kila asubuhi na kurudi nao.

"Afande, mume wangu atanifia humu," alisema, ameshika nondo za kaunta. "Mpeleke hospitali. Niweke mimi mahali pake."

Laurian aliomba dhamana ya Gasto kwa wakubwa, akaambiwa mali ya serikali haina dhamana. Moyo ulimuuma, na aibu ikamwingia. Akarudi eneo la tukio kwa sababu hakujua pengine pa kwenda.

Uani kulikuwa na tembe lililojengwa na wanafunzi wa Theodora kwa mikono yao, kuta za miti na udongo, paa bapa la udongo. Laurian alizaliwa ndani ya tembe kule Iguguno. Alilizunguka mara ya kwanza bila kuona kitu. Mara ya pili akasimama. Majani yaliyoota juu ya paa wakati wa masika yalikuwa yamekauka yote, lakini pembeni palikuwa na kiraka kitupu, kimeinuka kidogo, hakina hata jani moja.

Akamwita Theodora kutoka darasani.

"Nani amekandika paa hili?"

"Wanafunzi. Lilikuwa linavuja."

"Linavuja mvua ipi, mwalimu?"

Theodora akajipangusa chaki vidoleni.

"Wewe umekulia chini ya bati, misheni. Mama yangu alikandika paa Oktoba, mvua ikinukia. Kiangazi hakuna anayepoteza maji ya kisima kukandika tembe."

Akapanda. Akafukua kwa mikono. Chini ya udongo, juu ya boriti, palikuwa na blanketi, na ndani ya blanketi ilikuwa ngoma, nzima kabisa.

Alipoteremka, Theodora alikuwa amekaa chini vumbini, analia bila sauti.

"Kwa nini?"

"Benson alikuwa anaiuza. Niliwasikia ofisini kwake, yeye na mnunuzi wa vinyago kutoka Arusha. Wizara imeacha kutuletea fedha, kila ofisi ijitegemee. Anasema ngoma moja itaezeka jengo zima na kulipa mishahara yetu. Wazee walinipa kwa mdomo, afande. Walisema, 'Kaa nayo binti, tutakapoihitaji tutakuja.' Wakija siku ya msiba nitawaonyesha bati?"

"Ungewarudishia."

"Mtinko ndiko mlikoanza kutafuta. Si mngewafunga wao?"

Laurian alijua ni kweli, wangewafunga.

"Nilisema mnunuzi akate tamaa kwanza, ndipo niitoe."

"Na Gasto?"

"Nilidhani mtamwachia. Hana kitu."

"Asiye na kitu ndiye tusiyemwachia, mwalimu."

Theodora alijifunika uso kwa kanga. "Dorika ni mwanafunzi wangu. Anakaa mbele kabisa. Jana ameniomba nimfundishe kuandika maneno manne tu ampelekee hakimu: mume wangu si mwizi. Nimemshika mkono, tumeandika pamoja. Mimi! Ningekuja kwako leo hata usingepanda huko juu. Hutaniamini, lakini ningekuja."

Laurian alimwamini. Lakini mkamatwa na ngozi ndiye mwizi, na maneno ya Benson na mnunuzi hayakuwa na shahidi mwingine.

Kituoni aliandika maelezo ya mtuhumiwa mpaka Theodora alipouliza, "Ngoma inakwenda wapi?"

"Ni kielelezo. Inakaa stoo ya polisi mpaka kesi iishe."

"Ikiisha?"

"Inarudi kwa mlalamikaji."

"Mlalamikaji ni Benson."

"Ndiyo."

"Nikikiri mahakamani, kesi itaisha lini?"

"Siku hiyo hiyo."

"Na nikikana?"

Laurian aliweka kalamu mezani. Swali lile hakutakiwa kulijibu. "Kesi za nchi hii unazijua: miaka, na ngoma iko stoo. Na siku ikisikilizwa, wazee wa Mtinko wataitwa waseme ngoma ni ya nani. Lakini dhamana hupati. Utakaa rumande, Mungu ndiye ajuaye mpaka lini."

"Gasto anatoka leo?"

"Anatoka sasa hivi."

"Basi andika, afande. Nimemaliza."

Jumatatu alipandishwa kizimbani. Benson alikaa mbele, suti imepigwa pasi. Nyuma kabisa alikaa Dorika, na Gasto amemwegemea, kajifunga blanketi. Mzee yule alikuwa hai, lakini daktari alishamwambia mkewe asitarajie masika.

Hakimu alisoma shitaka. "Ni kweli au si kweli?"

Theodora alimtazama Gasto kwanza.

"Si kweli, mheshimiwa."

Benson akasonya.

"Upelelezi umekamilika?" aliuliza hakimu. Mwendesha mashtaka akamgeukia Laurian.

Jalada lilikuwa kwapani mwake. Ndani yake kulikuwa na kila kitu: picha za tembe, blanketi, maelezo ya kukiri yenye sahihi. Halikupungua hata nukta; akilitoa, kesi ingeisha upesi na ngoma ingerudi kwa Benson. Katika utumishi wake wote Laurian hakuwahi kuidanganya mahakama. Sasa kila mwezi wa uongo wake, yule mwanamke ndiye angeulipa kwa kulala chini. Alimtazama Theodora, akitumaini atatikisa kichwa kukataa.

Theodora alitikisa kichwa kukubali.

"Bado, mheshimiwa," alisema Laurian.

Kesi ikaahirishwa. Theodora akashusha pumzi, akanyoosha mikono yenye chaki iliyogoma kutoka kwenye kucha, na Laurian mwenyewe ndiye aliyemfunga pingu.